Opera ya New York ukumbini Nairobi: kabla hujakata tiketi, tazama saa

Mimi ni teno wa kwaya ya parokia huku Buruburu, na opera nimeifahamia kwenye sinema. New York sijafika. Nasoma tu kwamba jumba la Metropolitan Opera lina viti karibu 3,800 na kwamba waimbaji hujaza nafasi yote hiyo bila maikrofoni. Ninachokijua mimi ni kiti cha safu ya nyuma katika ukumbi mmoja wa sinema hapa mjini, Jumamosi usiku, onyesho likirushwa moja kwa moja kwa setilaiti. Metropolitan ilianza matangazo haya Desemba 2006. Ya msimu wa 2025 na 2026 yako manane, la kwanza Oktoba 18.

Nianze na saa, maana ndiyo iliyoniadhibu. Maonyesho mengi huanza saa saba mchana kwao. Novemba 2024 tuliitazama Tosca na ilianza saa tatu usiku huku kwetu. Machi ilipofika zamu ya Fidelio ya Beethoven, nikatoka nyumbani kwa hesabu ile ile, na tovuti ya ukumbi nayo ilikuwa imeandika saa tatu. Kumbe Jumapili iliyotangulia Wamarekani walikuwa wamesogeza saa zao mbele. Onyesho lilianza saa mbili.

Nikaingia napapasa ngazi gizani, mkono mmoja bisi, mwingine mwavuli unaochuruzika maji. Sijapata hata kiti, wafungwa wa hadithi hiyo ya gerezani wakaanza kutolewa seli waje kuota jua. Ni kwaya ya wanaume peke yao. Wanaanza kwa sauti ya chini mno, kama watu wanaoogopa kusikiwa na askari wa gereza, kisha sauti inapanda kidogo kidogo. Nikaganda pale pale kwenye ngazi mpaka jamaa mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Bosi, si ukae?" Kwaya yetu ikiambiwa iimbe taratibu, pumzi nayo hulegea, na noti inashuka. Wale walikuwa wanaimba taratibu huku mbavu zimefunguka kabisa, na kamera ilikuwa karibu kiasi cha kuziona zikitanuka chini ya shati. Mwalimu wetu amelihubiri jambo hilo miaka minne. Mimi nilielewa usiku ule, nimesimama gizani na mwavuli.

Lakini nilikuwa nimeukosa wimbo mkubwa wa Leonore, mke aliyejifanya mwanamume ili amwokoe mumewe gerezani, unaokuja muda mfupi kabla ya wafungwa. Na aliyekuwa Leonore ni Lise Davidsen wa Norwei, akiimba na mimba ya mapacha. Meneja alinisikiliza vizuri, akanipa soda ya bure. Soda niliinywa.

Kosa jingine la ukumbi ule ni mapumziko. Wakati wa Tosca, pazia liliposhuka kijana wa mitambo aliwasha taa na kuzima sauti, akidhani hakuna kitu tena. Basi tukatazama midomo ya waimbaji ikihojiwa nyuma ya jukwaa bila kusikia neno. Mahojiano hayo ni nusu ya raha yenyewe: unaona mafundi wakisukuma kanisa zima pembeni ili chumba cha Scarpia, yule mkuu wa polisi, kiingie. Ukiona sauti imezimwa, nenda mlangoni ukaseme mapema. Maandishi chini ya skrini yako kwa Kiingereza na yanasomeka vizuri. Kiyoyozi, beba sweta.

Msimu huu unaanza na La Sonnambula ya Bellini, Nadine Sierra akiimba: Oktoba 18, saa mbili usiku. Inayofuata ni La Bohème, Novemba 8, na kati ya hizo mbili, Novemba 2, Marekani inarudisha saa zake nyuma, kwa hiyo hiyo ni saa tatu. Usiniambie sikukuambia. Kama hujawahi kuona opera, anza na hii Bohème. Ni fupi, hadithi yake unaielewa hata bila maandishi (vijana wasio na kodi ya nyumba, baridi, msichana anayekohoa), na jukwaa ni lile la mwongozaji Franco Zeffirelli ambalo Metropolitan wanalo tangu 1981. Sehemu ya pili ya mkahawa na barabara inajaa watu kama Gikomba siku ya kufungua mitumba.

Inayonivuta kwa hamu kuliko zote ni ya Mei 30, ya wachoraji Frida Kahlo na mumewe Diego Rivera, imetungwa na Gabriela Lena Frank na inaimbwa kwa Kihispania. Frida ameshakufa, anarudi kwa siku moja, Siku ya Wafu ya Meksiko, kumchukua mumewe. Huku kwetu hadithi ya marehemu anayemfuata mtu nyumbani haihitaji kufafanuliwa.

Halafu kuna Tristan und Isolde ya Wagner, Machi 21, na Davidsen ndiye Isolde. Inaanza saa moja jioni kwa saa zetu na inachukua karibu masaa matano pamoja na mapumziko, kwa hiyo matatu za namba 58 zisahau. Weka kando pesa ya teksi. Simshauri mgeni aanzie hapo. Mimi mwenyewe namdai Davidsen ule wimbo wa Machi, na niko tayari kukaa.

Tatizo ni kwamba Jumamosi hiyo ni wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi, na mazoezi yetu ya Pasaka huwa saa kumi na moja hadi saa mbili. Teno tuko watatu. Mmoja anasafiri. Bado sijamwambia mwalimu.