Praima na rangi ya sitaha yenye vipele: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwaka jana niliharibu sitaha ya boti yangu kwa pesa zangu mwenyewe. Ni boti ya faiba, inapeleka wageni kutazama pomboo Kizimkazi, na sitaha yake ina vile vipele vidogo vya kuzuia kuteleza. Muuzaji wa duka moja mjini akaniambia, "Chukua praima nzito, dada, bahari haina huruma." Nikachukua. Wiki ya pili baharia wangu aliserereka na ndoo ya barafu mpaka chini ya benchi. Akainuka, akajipangusa goti: "Mama, umetupakia sabuni?"

Praima, ile rangi ya kwanza inayoshika chini, ilikuwa imejaza mabonde yote kati ya vipele. Ukipitisha kidole, ni kama sahani.

Kwa hiyo habari za mng'aro na wingi wa rangi sizigusi, kila kopo linajisifu. Nauliza moja tu: ikikauka, vipele vitabaki? Kabla ya bei, soma karatasi ya maelezo uone tabaka kavu lina mikroni ngapi (mikroni elfu moja ni milimita moja). Praima nyingi za tabaka nene huandikwa HB, yaani "high build". Kwenye ubavu laini ni sawa, hujaza mikwaruzo. Kwenye sitaha ni balaa.

Namba moja kwangu, na mapenzi sifichi, ni Jotun, kampuni ya rangi ya Wanorwe walioanza 1926. Praima yao ya Penguard Primer tabaka moja jembamba, kisha rangi ya juu, Hardtop XP, mara mbili kwa rola ya manyoya mafupi. Usikubali kupewa Penguard HB eti jina ni lile lile. Na usiishie kwenye praima: hiyo ni epoksi, na epoksi ikipigwa jua hutoa unga kama chaki. Hardtop inang'aa, kweli, lakini vipele vikiwa hai mguu unashika. Hadina yake, kile kigandishi cha kopo la pili unachochanganya na rangi, ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, kwa hiyo tumia rola. Kupulizia waachie wenye vifaa vya kupumulia.

Namba mbili ni kampuni ya International: praima ya Interprotect chini, rangi ya Interdeck juu. Interdeck inakuja na chembe zake za kukamata mguu ndani ya kopo, na haing'ai sana. Vipele vyako vikiwa vimeshasagika, itakuokoa. Vikiwa bado vikali utakuwa unamwaga mchanga juu ya mchanga, na damu ya samaki haitatoka hata usugue mpaka magharibi.

Rangi ya mafuta ya kopo moja, ile ya milango? Rahisi, na utarudi dukani mapema. Ukija kuipaka ya makopo mawili juu yake, thina itaikunja kama ngozi ya maziwa.

Yoyote utakayochukua, msasa unagusa vichwa vya vipele tu. Nta na mafuta hubaki mabondeni. Sugua kwanza kwa sabuni na brashi ngumu, suuza kwa maji baridi ya bomba, kisha mwagia maji tena utazame. Yakitanda, endelea. Yakijikusanya vitone kama juu ya jani la gimbi, rudia kusugua. Msasa ni baada ya hapo. Subiri umande ukauke, na siku za kusi kali usianze kabisa, utapaka rangi na mchanga wa pwani pamoja. Mimi sasa najaribu kwanza pembeni, ukubwa wa kiganja, kikikauka nakimwagia maji na kukikanyaga peku.

Sasa wauzaji. Rangi ya makopo mawili ni seti, kila hadina na kopo lake. Mara mbili nimeuziwa kopo la kampuni hii na hadina ya kampuni ile: "Zote epoksi, dada." Nyingine ilikuwa imeshafunguliwa, mdomo umeota ukoko, na bei ni ya kopo zima. Ukiomba ujazo mdogo wanakuambia hakuna, chukua kubwa. Stoo yangu ina makopo mawili yaliyobaki nusu, hadina zake zimeganda jiwe, na bado muuzaji ananipigia simu kuuliza boti nyingine ninapaka lini.