Huduma ya rejeta na matairi katika gereji moja ya Moshi
Gereji hii ndogo ya Majengo inamfaa yeyote ambaye gari lake huchemsha linapopanda kuelekea Marangu. Fundi alikataa kufungua kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa, kwa kuwa maji yenye presha huruka na kuunguza, kisha akanionyesha mpira wa juu wa rejeta uliolegea penye kibano na matope ya kutu yaliyotokana na kujaziwa maji ya bomba badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Kwenye matairi alisoma hata tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo, hata hivyo, ulipimwa matairi yakiwa bado na joto la safari, hali inayofanya kipimo kisome juu. Na bei, kusema kweli, haikubandikwa popote.