Baraza la jimbo la ulemavu wa ukuaji: tathmini ya mzazi baada ya miaka mitano

Mara ya kwanza nilipopiga simu katika ofisi ya baraza la jimbo letu linaloshughulikia ulemavu wa ukuaji, nilikuwa natafuta mtu wa kukaa na kijana wangu jioni nikiwa kazini, pamoja na fedha za kumlipa mtaalamu wa tiba ya usemi. Aliyepokea simu alinisikiliza hadi mwisho, akanieleza kwa upole kwamba baraza halitoi huduma ya aina hiyo, kisha akanipa namba ya ofisi ya kaunti inayohusika. Nilikata simu nikiwa na hasira. Kwetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki neno baraza lina uzito wake: nchini Kenya, kwa mfano, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humsajili mtu na kumpa kadi, na mwenye kadi hujua anaweza kuomba nini. Nilidhani baraza la huku Marekani nalo lina dirisha la kupanga foleni na fomu ya kujaza. Leo, baada ya miaka mitano ya kuhudhuria vikao vyake na kumaliza mafunzo yake, naandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wanaozungumza Kiswahili katika majimbo ya Marekani, kwa sababu naamini wengi watapiga simu kama yangu na kuishia palepale nilipoishia mimi siku ile.

Mabaraza haya yapo 56, katika majimbo yote, katika mji mkuu wa Washington na katika maeneo kama Puerto Rico na Guam. Yalianza kwa sheria ya mwaka 1970, na sheria inayoyaongoza sasa ni ya mwaka 2000. Sheria hiyo haiulizi jina la ugonjwa. Inauelezea ulemavu wa ukuaji kuwa ni hali nzito na ya kudumu ya akili au ya mwili, au ya vyote viwili, iliyoanza kabla mtu hajatimiza miaka 22, na inayomzuia kwa kiasi kikubwa katika mambo matatu au zaidi kati ya saba: kujihudumia, kuelewa na kutumia lugha, kujifunza, kwenda na kurudi, kujiamulia, kuishi kwa kujitegemea na kujipatia riziki. Ndiyo maana katika kikao kimoja utamkuta mwenye usonji ameketi karibu na mwenye mtindio wa ubongo, na kijana kama wangu aliyezaliwa na hali ya Down. Kwa mzazi aliyezoea kuulizwa kwanza mtoto ana ugonjwa gani, kuulizwa mtoto anahitaji msaada katika jambo gani ni badiliko kubwa.

Ili mtu apime kazi ya baraza kwa haki, inafaa ajue watu hawa walikuwa wakiishi vipi wakati mabaraza yanaanzishwa. Katika kisiwa cha Staten Island, New York, palikuwa na taasisi ya kuwaweka watu wenye ulemavu wa akili mbali na familia zao, iliyoitwa Willowbrook, iliyojengwa kwa ajili ya watu 4,000 na ambayo kufikia mwaka 1965 ilikuwa na watu wapatao 6,000. Seneta Robert Kennedy aliitembelea mwaka huo akatoka akiilaani hadharani. Mwaka 1972 mwandishi wa televisheni Geraldo Rivera aliingia na kamera, na nchi nzima ikaona watoto wakiwa sakafuni, uchi, bila mtu wa kuwahudumia. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1975 iliandika haki za watu hawa waziwazi na kulitaka kila jimbo liwe na chombo cha kuwatetea kisheria. Kwa hiyo baraza lina ndugu wawili ambao mzazi anapaswa kuwafahamu: chombo hicho cha utetezi wa kisheria, ambacho ndicho cha kukimbilia pale shule inapomfungia mtoto wako chumbani au inapomrudisha nyumbani kila siku, na kituo cha chuo kikuu kinachofanya utafiti na kuwafundisha wataalamu. Laiti yule aliyepokea simu yangu angenieleza habari za ndugu hawa wawili, ningeokoa miezi mingi.

Baraza lenyewe kazi yake ni kuandaa mpango wa miaka mitano wa jimbo, kugharamia miradi ya majaribio, kufundisha familia na kuwaeleza watunga sheria mambo yalivyo. Maelezo hayo ni makavu, na mimi mwenyewe sikuyathamini hadi nilipoingia ukumbini nikaona nani ameketi wapi. Sheria inataka wajumbe wasiopungua asilimia 60 wawe ni watu wenye ulemavu wa ukuaji wenyewe, au wazazi, ndugu na walezi wao, na angalau mmoja awe ni mtu anayeishi au aliyewahi kuishi katika taasisi, au ndugu au mlezi wake. Nafasi zilizobaki zina wawakilishi wa idara za jimbo: inayosimamia Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo na wenye ulemavu), inayosimamia elimu maalumu, inayowasaidia watu kupata ajira, inayohudumia wazee, na nyingine. Wote huteuliwa na gavana. Maana yake ni kwamba afisa anayeshughulika na bajeti ya huduma za nyumbani hukaa meza moja na mtu anayezisubiri huduma hizo, na hawezi kuondoka kabla hajamsikia. Katika kikao changu cha pili, mjumbe mmoja anayezungumza kwa kugusa vitufe vya kifaa cha sauti alimuuliza afisa wa idara swali moja kuhusu orodha ya kusubiri. Ilimchukua karibu dakika nne kulitunga. Ukumbi mzima ulisubiri kimya, na mwenyekiti hakumkatiza. Nimehudhuria mikutano mingi shuleni na hospitalini tangu kijana wangu azaliwe, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza muda ukipimwa kwa mwendo wa mwenye shida.

Mafunzo ndiyo sehemu ninayoisifia zaidi. Yalibuniwa mwaka 1987 na baraza la jimbo la Minnesota, na tangu hapo mabaraza mengi yameyachukua. Wazazi na watu wazima wenye ulemavu hukutanishwa kwa mwisho wa wiki kadhaa, mmoja kila mwezi, na baraza hulipia hoteli na chakula, na kwa upande wetu lililipia pia mtu wa kubaki na watoto. Tulifundishwa historia ya taasisi, sheria za elimu maalumu, jinsi bajeti ya jimbo inavyopita katika bunge, na namna ya kumweleza mbunge jambo moja kwa dakika tatu bila kulia. Hilo la mwisho nilishindwa mara mbili. Walimu hawakutupa huruma, walitupa mazoezi, na nadhani ndiyo maana yalitufaa.

Nitoe mfano mmoja wa manufaa yake. Kijana wetu alipokaribia kutimiza miaka 18, shuleni tulielezwa kwamba ni lazima tuende mahakamani kuomba ulezi wa kisheria, la sivyo hatutaruhusiwa kushiriki katika mambo yake. Tungekubali, kwa kuwa tuliambiwa na watu wenye vyeo. Katika mafunzo nilikuwa nimejifunza kwamba mlezi wa kisheria anaweza kupewa mamlaka juu ya makazi ya mtu, matibabu yake, fedha zake na hata ndoa yake, na kwamba kurudisha mamlaka hayo ni kazi ngumu. Nilijifunza pia kwamba kuna njia nyingine, ambayo Texas mwaka 2015 ilikuwa jimbo la kwanza kuitungia sheria, ya makubaliano ya kusaidiwa kufanya uamuzi: mtu huchagua mwenyewe watu anaowaamini wamfafanulie mambo, lakini neno la mwisho hubaki kuwa lake. Mume wangu alipoelezwa alisema, basi hicho si kikao cha familia? Alikuwa sahihi. Kwetu Tanga mtu mzima haozi binti wala hauzi shamba bila kuketi na wazee, na hakuna anayesema kwamba kwa kushauriwa amepoteza utu uzima wake. Kijana wetu alichagua watu watatu: baba yake, dada yake na mwalimu wake wa zamani. Mimi hakunichagua, na nimelipokea.

Sasa nieleze kasoro, kwa kuwa nimeziishi. Katika kikao cha kwanza nilichohudhuria niliomba mkalimani wa Kiswahili wiki mbili kabla, na hakufika mtu. Mpango wa miaka mitano ulipowekwa wazi ili wananchi watoe maoni, kurasa za Kiswahili zilikuwa zimetafsiriwa na mashine bila kupitiwa na mtu yeyote anayeijua lugha. Ulezi wa kisheria uliitwa ulinzi, kama kazi ya askari wa getini. Mpango wa Medicaid unaolipia huduma za nyumbani badala ya taasisi, ambao kwa Kiingereza huitwa waiver, uliitwa msamaha, na mzee mmoja kutoka Bukavu aliniuliza kwa wasiwasi familia yake imekosa nini hata isamehewe. Hili si jambo dogo. Katika mitaa yetu familia za Wakongo zinaongezeka, nyingi zimepita kambini miaka mingi, na zina watoto ambao hawajawahi kupimwa na mtaalamu yeyote. Karatasi ya namna ile inawafunza kwamba baraza halikuwakusudia. Niliandika maoni yangu kurasa tatu, na ni haki niseme kwamba mwaka uliofuata walimlipa mfasiri, na karatasi mpya zinasomeka.

Kasoro nyingine ni kwamba miradi hugharamiwa kwa muda mfupi. Kikundi cha vijana waliokuwa wakisaidiana kujifunza kupanda basi na kutafuta kazi kilivunjika fedha za majaribio zilipokwisha, kwa sababu hakuna idara iliyokuwa tayari kukichukua. Baraza hujitetea kwamba kazi yake ni kuonyesha njia, na kisheria hilo ni kweli, ila kwa kijana aliyezoea kutoka kila Jumanne na sasa anashinda sebuleni, utetezi huo hausaidii chochote. Ningependa kila mradi usianze kabla haijajulikana nani ataurithi.

Kwa hiyo nawashauri wazazi hivi. Ukiwa na shida ya leo, ya mlezi, ya dawa au ya shule, usianzie barazani. Anzia katika ofisi ya kaunti, na ukionewa nenda kwa chombo cha utetezi wa kisheria, ambacho hakimtozi mtu kitu. Barazani nenda ukitaka kujua ni kwa nini orodha ya kusubiri ni ndefu na nani anaweza kuifupisha. Vikao viko wazi kwa kila mtu. Omba mkalimani kwa maandishi, utunze nakala, na usisite kuomba mara ya pili.

Kiti kimoja cha wajumbe katika baraza letu kitakuwa wazi Septemba. Kijana wetu, ambaye sasa ana miaka 19, ameijaza fomu mwenyewe kwa muda wa siku mbili, huku dada yake akimsomea maswali. Penye nafasi ya kueleza sababu ya kuomba, ameandika kwamba basi la mwisho hupita saa kumi na mbili jioni, na duka anakopanga bidhaa hufungwa saa mbili usiku. Fomu iko ofisini kwa gavana, na bado hatujajibiwa.