Tulivyoitembelea nyumba ya Lincoln, Springfield: seremala na mama yake

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, kila mtu aliniambia nimpeleke Chicago akaone maghorofa. Maghorofa mama ameshayaona kwenye televisheni. Nikampeleka Springfield, Illinois, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa St. Louis ninapoishi, tukaitazame nyumba ya Abraham Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani. Nakiri nilikuwa na langu moyoni. Mimi ni seremala, na mkate wangu wa siku hizi ni kukarabati nyumba kuukuu za watu. Nilitaka kuona mafundi wenzangu waliofanya kazi pale waliviweka wapi viraka vyao.

Kwanza habari za mfukoni. Kuingia ni bure. Unachukua tiketi kwenye kituo cha wageni, unapangiwa saa, unaingia na kikundi kinachoongozwa na askari wa hifadhi mwenye kofia pana. Tulicholipia ni maegesho tu. Ubure huo una kisa: mwaka 1887 Robert, mtoto wa kwanza wa Lincoln, aliikabidhi nyumba kwa jimbo la Illinois kwa masharti mawili, itunzwe vizuri na asitozwe mtu kiingilio. Mpaka leo sharti limesimama.

Kilichomsukuma Robert kuitoa ndicho kilichomfurahisha mama kuliko vyote. Alikuwa na mpangaji, Osborn Oldroyd, mkusanyaji wa kila kitu kilichomhusu Lincoln. Huyu bwana aligeuza sebule kuwa makumbusho yake, kisha akaacha kulipa kodi. Na nyumba ilipokwenda mikononi mwa serikali, nani akateuliwa kuwa mtunzaji? Oldroyd huyohuyo! Alikaa mpaka 1893, akaondolewa, akahamishia vitu vyake Washington, kwenye nyumba ile ambamo Lincoln alikata roho. Mama alinishika mkono nimtafsirie mara mbili, akidhani nimekosea.

Sasa nyumba yenyewe. Iko kwenye kona ya barabara za Eighth na Jackson. Aliijenga mchungaji Charles Dresser mwaka 1839, na ndiye aliyewafungisha ndoa Lincoln na Mary Todd mwaka 1842. Miaka miwili baadaye Lincoln akainunua kwa dola 1,200 pamoja na kiwanja cha dola 300. Wakati huo haikuwa hii tunayoiona. Juu kulikuwa na vyumba vilivyobanwa na paa, na mwenye nyumba alikuwa na futi sita na inchi nne. Hebu fikiria mtu huyo anatafuta viatu gizani.

Ghorofa kamili ilipandishwa mwaka 1856 kwa dola zipatazo 1,300. Watu husema Lincoln alijenga, lakini fedha nazo zina mwenyewe. Mary alikuwa ameuza ardhi yake, ekari 80 alizopewa na babake, akapata dola 1,200. Nilipomweleza mama, akanyamaza kidogo. Bati la nyumba yetu Tanga lilitokana na minazi aliyoachiwa na babu, ila mtaani pale huitwa nyumba ya baba mpaka leo. Hakusema kitu. Alinitazama tu, akapanda ngazi.

Ngazi hizo, kwa wenye magoti mabovu, zimesimama kidogo na ni nyembamba. Lakini mkono wake wa kushikilia ni ule ule wa enzi za Lincoln, na ni kitu kimoja ambacho wageni wanaruhusiwa kukigusa. Vingine vyote ni kutazama kwa macho. Nikapitisha kiganja polepole. Mbao iliyoshikwa na mikono kwa zaidi ya karne moja na nusu hupata ulaini ambao hakuna msasa unaoweza kuutoa, na mimi msasa naufahamu.

Sebule ya mbele ina viti vyeusi vya kitambaa cha singa za farasi, kwa sura yake vinateleza na vinachoma. Hapo ndipo tarehe 19 Mei 1860 wajumbe wa chama cha Republican walipomletea habari rasmi kwamba ndiye mgombea wao wa urais. Chumbani kwake kuna meza yake ya kuandikia, ndogo mno, utadhani ya mtoto wa darasa la nne. Karatasi za ukutani humo zina maua makubwa yanayopiga kelele. Ndiyo mitindo yao. Mimi mteja akiniletea karatasi hizo namuuliza mara tatu kama ana hakika.

Ukarabati ndio ulionileta, basi niuseme. Mkubwa ulifanyika 1987 na 1988. Nyumba ilifungwa karibu mwaka mzima, ikafunguliwa tena Juni 1988. Fremu yake ni mwaloni, na ilijengwa kubeba familia ya watu watano au sita, si misururu ya wageni kila siku. Wakaiongezea nguvu kwa chuma na mitambo ya kutunza hewa, vyote vikafichwa. Nilitembea nikikanyaga kwa kisigino kutafuta mahali sakafu inapobadilisha sauti. Sikupapata. Fundi anayefanya kazi ya namna hii halafu asionekane, huyo namvulia kofia.

Jambo la pili ni ushahidi. Wakarabati walikuwa na picha aliyopiga John Adams Whipple kiangazi cha 1860, Lincoln amesimama ndani ya uzio wake na wanawe, na michoro ya vyumba iliyotoka gazetini mwaka 1861. Bila hiyo ingekuwa kubahatisha, maana vyombo vingi Lincoln aliviuza alipohamia Washington. Vilivyochukuliwa na mpangaji wake, Lucian Tilton, mtu wa reli, vilifika Chicago vikateketea katika moto mkubwa wa 1871. Kwa hiyo ndani umechanganyika uhalisi na vitu vya wakati huo vilivyotafutwa kwingine, na mwongozaji ukimuuliza anakuonyesha kipi ni kipi. Ulizeni! Asiyeuliza anatoka akiamini kila kijiko kililambwa na Lincoln.

Jikoni mama alikaa kuliko pote. Jiko ni la chuma, la kuni, na ni lao hasa. Akalikagua mlango, sehemu ya majivu, mahali pa sufuria. "Jiko la rais hili?" Nikamwambia alikuwa bado wakili. "Hapo sawa," akasema, "wakili anaweza kulipa." Halafu akauliza choo kiko wapi. Kiko nje, uani, kibanda cha mbao chenye matundu matatu. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Tenga muda wa kutembea nje pia. Shirika la hifadhi za taifa la Marekani limeshika mitaa minne kuzunguka nyumba hii tangu 1972, magari hayaingii, njia za miguu ni za mbao, na nyumba za majirani nazo zimerudishwa sura. Usipite kiwanja cha Jameson Jenkins bila kusimama. Alikuwa Mweusi, mwenye gari la kukokotwa na farasi, na mwaka 1850 alisaidia watu waliokuwa wakitoroka utumwa. Tarehe 11 Februari 1861 ndiye aliyempeleka Lincoln stesheni. Nyumba yake haipo, pamebaki majani na kibao. Wapo watakaosema wangeijenga upya. Mimi naona bora kiwanja kitupu kuliko nyumba ya kubuni, ingawa inauma kwamba ya wakili imesimama na ya jirani yake haipo.

Nendeni asubuhi, na siku ya mvua vaeni viatu visivyoteleza. Mimi nilivaa vya ngozi, mbao zile zikanifundisha adabu mbele ya watoto wa shule.

Tukiwa tunarudi, tumeshapita Litchfield, nilidhani mama kalala. Akafumbua macho.

"Na yule mpangaji, kodi alilipa?"

"Hakulipa, mama. Akapewa kazi."