Kilwa Kisiwani au Mji Mkongwe?

Zote mbili ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara tangu 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000. Mwenye nafasi ya safari moja tu aende wapi?

Mji Mkongwe ni rahisi kufika. Boti kutoka Dar es Salaam, na ukishuka bandarini umeshaingia. Watu wanaishi humo, watoto wanakwenda chuoni, milango ya nakshi inafunguliwa kila asubuhi. Uzuri huo ndio mzigo wake pia: nyumba za mawe na chokaa zinataka matunzo ya kila mwaka. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, iliporomoka Desemba 2020, na inauma kulitaja.

Kilwa inataka subira. Ni takriban kilomita 300 kusini mwa Dar, kisha kibali pale Kilwa Masoko, kisha mashua. Lakini ukisimama ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba zake za matumbawe, unaelewa kwa nini Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliusifu mji huu alipopita mwaka 1331. Dhahabu ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ilipitia hapa. Magofu haya yaliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakakarabatiwa, yakaondolewa 2014.

Mimi nachagua Kilwa, hasa kwa wanafunzi wetu. Zanzibar wageni wanaijua tayari; Kilwa hata sisi wenyewe tunaipita.