Python kwenye mada ya baineri: tathmini ya mwalimu wa kompyuta

Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari huku Kilifi, na kila mwaka mada inayowatoa wanafunzi jasho ni kubadilisha namba kutoka desimali (zile za kawaida) kwenda baineri (zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu) na kurudi. Siku hizi naifundisha kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na naipenda sana kwa kazi hii, ila kuna mahali inataka uangalifu.

Gharama hakuna. Ukishaiweka kwenye mashine inakuja na IDLE yake, yaani dirisha la kuandikia na kuendeshea programu, na intaneti haihitajiki tena. Kompyuta zetu zingine bado zina Windows 7, kwa hiyo tunatumia Python 3.8, toleo la mwisho linaloikubali Windows hiyo. Kwa baineri halipungukiwi na kitu.

Amri zenyewe ni fupi mno. Andika bin(13), unajibiwa '0b1101'. Andika int('1101', 2), inakurudishia 13. Ukitaka biti 8 kamili (tarakimu nane za 0 au 1) bila ile 0b ya mwanzoni, format(13, '08b') inatoa '00001101'. Mwanafunzi akiingiza int('1021', 2) inakataa papo hapo, kwa kuwa 2 haimo katika baineri. Waonyeshe mapema kwamba bin inatoa maandishi, si namba ya kujumlisha: bin(5) + bin(2) inaleta '0b1010b10', yaani vipande viwili vilivyobandikwa pamoja.

Lakini mwalimu mwenzangu, nakusihi, usianze na bin. Anza na hii:

n = 13
jibu = ""
while n > 0:
    jibu = str(n % 2) + jibu
    n = n // 2
print(jibu)

Ni ile ile kazi ya ubaoni: gawanya kwa 2, andika baki, endelea mpaka ufike 0. Uzuri wote umo katika mstari wa nne. Baki jipya linawekwa kushoto kwa yale yaliyotangulia, ndiyo maana tunawaambia wasome mabaki kutoka chini kwenda juu. Sasa waambie wageuze, waandike jibu + str(n % 2). Inatoka 1011, ambayo ni 11, wala si 13. Hilo ndilo kosa ninalolikuta kwenye madaftari kila nikisahihisha, na darasani nimeona nyuso zikibadilika walipoliona likizaliwa mbele yao kwa kuhamisha neno moja tu. Kwa maneno matupu sijawahi kulieleza likaeleweka hivyo. Binti mmoja akajaribu 0, programu haikuchapisha chochote, ilhali bin(0) inatoa '0b0'. Tukakaa na swali hilo hadi kengele ikalia, na sijutii hata dakika moja.

Pa kuangalia ni namba hasi. Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari hapa Kenya, unaweza kutaka -5 kwa biti 8 kwa njia ya kugeuza biti zote za 5 kisha kuongeza 1, na jibu ni 11111011. Python ukiiuliza bin(-5) inasema '-0b101', alama ya kutoa imewekwa mbele basi. Anayejisomea peke yake atadhani yeye ndiye aliyekosea hesabu. Mpe format(-5 & 255, '08b'), atapata lile la mtihani.

Sehemu za desimali nazo bin haizigusi kabisa, bin(0.625) inaleta ujumbe wa kosa, TypeError. Hapo inabidi muandike wenyewe: zidisha kwa 2, chukua namba nzima, endelea na kilichobaki. 0.625 inatoa 1, kisha 0, kisha 1, yaani 0.101. Halafu wape 0.1. Wekeni kikomo cha biti 8, mtapata 0.00011001, na mkiendelea kwa mkono mtaona 0011 ikijirudia bila mwisho. Baada ya hapo waache waandike 0.1 + 0.2 kwenye IDLE. Itatoka 0.30000000000000004, na safari hii hawatakimbilia kusema kompyuta imeharibika, kwa sababu watakuwa wameshaona kwa macho yao kwamba 0.1 haina mwisho ndani ya baineri.