OM-1: Kamera ya Kupiga Mwendo na Utulivu Bila Tripodi

Kwa mpiga picha anayetaka maji yaonekane yakitiririka, au umati wa watu uonekane ukipita, kikwazo cha kwanza hapa kwetu huwa ni tripodi, ile stendi ya miguu mitatu inayoituliza kamera wakati picha inachukua muda mrefu. Kuipandisha mlimani ni mzigo, na kuisimamisha katikati ya watu mjini huziba njia, huvuta macho, na mara nyingi humleta mlinzi anayedai kibali. OM-1, iliyotolewa mwaka 2022 na OM Digital Solutions, kampuni iliyorithi shughuli za kamera za Olympus, ndiyo kamera ya kwanza niliyoitumia iliyoniondolea mzigo huo kwa sehemu kubwa ya kazi.

Uwezo huo unatokana na mambo mawili yanayofanya kazi pamoja. La kwanza ni kitulizi kilichomo ndani ya mwili wa kamera, ambacho huisogeza sensa (kipande kinachopokea mwanga) kinyume cha mtikisiko wa mkono, na kwa hesabu ya watengenezaji hufidia hadi stopu 7, kila stopu ikiwa ni kuongeza maradufu au kupunguza nusu ya mwanga. La pili ni Live ND, ambayo hupiga picha nyingi mfululizo na kuziunganisha kuwa faili moja, hivi kwamba mwendo huchorwa kana kwamba kamera imevalishwa filta nyeusi mbele ya lenzi. Nguvu yake huishia ND64, yaani stopu 6, na matokeo unaweza kuyatazama kabla hujabonyeza. Jambo hili la mwisho nalithamini kuliko yote, kwa sababu filta halisi ya giza humlazimu mtu apange picha kwanza, avalishe filta, kisha akisie.

Mahali nilipoielewa vizuri kamera hii ni Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, Tanzania, katika njia ya kwenda maporomoko ya Sanje. Hifadhi hiyo hutembelewa kwa miguu, na mpando wake ni mkali, kwa hiyo kila kilo iliyomo mgongoni inajulikana. OM-1 pamoja na betri na kadi ina uzito wa gramu 599. Chini ya maporomoko, ambayo kwa jumla yake yana kimo cha mita 170 hivi, kivuli cha msitu kimekwisha kupunguza mwanga, na nusu sekunde inapatikana kwa kushika kamera mkononi tu, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni. Katika picha moja ninayoipenda, jiwe lenye kuvumwani linaonekana kila unyuzi wake, ilhali jani la jimbi lililo juu yake, linalotikiswa na upepo wa maji, limebaki kivuli cha kijani. Wengi hupenda kuongeza muda hadi sekunde nyingi, na maji hugeuka pamba. Mimi naona maji ya namna hiyo yamepoteza umbo na nguvu. Kati ya robo sekunde na sekunde moja bado unaona yanapogonga jiwe na yanapogawanyika.

Msitu huohuo una kazi ya kinyume chake. Mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawapatikani popote duniani nje ya milima hiyo na bonde la Kilombero jirani yake, huruka kutoka mti hadi mti bila kutoa ishara, na kidole cha binadamu huchelewa siku zote. Pro Capture hulitatua tatizo hilo kwa kuanza kuhifadhi picha kwa muda tangu unapobonyeza kitufe nusu, kisha unapokibonyeza chote huziandika kwenye kadi hadi picha 70 zilizotangulia. Kwa lenzi zinazokubali, kasi hufika picha 50 kwa sekunde huku fokasi ikiendelea kumfuata mnyama. Hata hivyo, kumgandisha mnyama hewani kunahitaji shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde hivi, na chini ya miti hiyo ni lazima kupandisha ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, hadi 6400 au zaidi. Hapo udogo wa sensa, ambayo eneo lake ni takriban robo ya sensa ya fremu kamili (ile yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), hujionyesha kwa chembechembe, hasa kwenye manyoya meusi. Anayepiga wanyama wa msituni peke yake ana sababu ya haki ya kuchagua kamera nyingine.

Mjini, udhaifu mwingine ni jua. Dar es Salaam saa sita mchana, kwa ISO 200 na tundu la lenzi la f/8, shata huwa karibu na 1/800, na mwanga huo ni mwingi mno kwa Live ND, ambayo hukubali shata za polepole tu. Hapo huwezi kuuyeyusha umati unaoshuka kwenye kivuko cha Magogoni. Kubana tundu la lenzi hadi f/16 si dawa, maana picha hupoteza ukali. Saa kumi na moja na nusu jioni mambo hubadilika: watu wanateremka wakiwa mkondo mmoja, na muuza maji aliyesimama na ndoo yake anabaki wazi katikati yao, hata vidole vilivyoshika chupa vinahesabika. Muuzaji huyo niliomba ridhaa yake kwanza. Picha ya namna hii haisimami bila kitu kimoja kilichotulia. Ukikikosa, umepiga ukungu mtupu. Eneo hilo liko jirani na Ikulu, hivyo elekeo la kamera ni jambo la kuangaliwa.

Usiku tripodi haiepukiki. Live Composite huchukua picha ya msingi, kisha huongeza mwanga mpya tu unaotokea, kwa hiyo taa za magari kwenye daraja la Tanzanite hurefuka kuwa nyuzi, bila taa za barabarani kuungua. Unaziona zikikua kwenye skrini na kusimamisha zinapotosha.

Mwili pekee ulianza kuuzwa Marekani kwa dola 2,200 hivi, kabla ya usafiri na ushuru, na hizo ni fedha nyingi kwa mpiga picha anayeishi kwa harusi na mahafali. Mwaka 2024 ilitoka OM-1 Mark II yenye ND128, yaani stopu moja zaidi. Ningemshauri mnunuzi atafute ile ya kwanza iliyotumika, aiambatanishe na lenzi ya 12-40mm f/2.8 PRO, na bakaa anunue filta halisi ya stopu 10 kwa ajili ya kazi za mchana, ambayo kwa f/8 humpa zaidi ya sekunde moja juani.